Mbwa wa Fedha Kutoka Cobán

Wenzangu wa kwaya, mmenishinda. Tangu nirudi, kila Jumapili baada ya misa mnanizunguka pale kwenye ngazi. Huyu anauliza kule wanakula nini, yule anauliza kama ni kweli nimerudi na mbwa, na kabla sijafika hata nusu ya njia mwalimu anatuita mazoezini. Sasa nimekaa nikaandika yote. Someni, mpeane, na atakayeniuliza tena swali lile lile namwombea kwa mwalimu ahamishiwe besi.

Habari za viza na tiketi nimeziruka. Sijaona mtu aliyewahi kuburudika kwa hadithi ya foleni.

Mikocheni: bangili mbili kwenye leso

Wengi wenu mnamjua Bi Zuhura kwa jina tu, kwa hiyo nianze naye. Ni sonara, mwanamke wa Temeke, wa ukoo wa Kiarabu uliofua na kuuza fedha tangu enzi za babu zake, na ndiye aliyenifundisha kazi. Nilifika kwake msichana wa Iringa nisiyejua hata kushika koleo. Leo tuna karakana yetu wawili kule Mikocheni, katikati ya gereji na jamaa anayechomelea mageti. Mbele ya wateja ananiita mwanangu, na tukibaki wawili ananiita mjinga. Nampenda kama nilivyompenda mama aliyenizaa.

Mumewe alipofariki, Bi Zuhura alivua mapambo yake yote akakaa eda kama desturi yao inavyotaka. Eda ikaisha, mapambo hayakurudi. Miaka imepita, mwanamke huyu anawavisha fedha mabibi harusi wa mji mzima, mwenyewe shingo tupu na mikono mitupu. Ukimuuliza anasema, "Nitavaa nikipata cha kuvaa," utadhani hafanyi kazi dukani kwake mwenyewe. Jambo hilo lilikuwa linaniuma kuliko anavyojua.

Sasa Marta. Mwaka wa nyuma kulikuwa na maonyesho ya kazi za mikono kule Temeke, na meza yetu ikapangwa jirani na ya mwanamke mmoja mfupi, mnene, mcheshi, kutoka Guatemala, nchi inayopakana na Meksiko. Ni wa watu wa Maya, na mezani pake alikuwa amepanga wanyama wa fedha wadogo kama korosho: chui, popo, kobe, nyani. Hatukuwa na lugha ya pamoja. Tulikuwa na mikono, na simu inayotafsiri, tena kwa Kiswahili cha ajabu. Siku ya pili Marta akaanguka kwa homa. Bi Zuhura hakumuuliza mtu. Alimchukua hadi nyumbani kwake, akamlaza kwenye kitanda cha binti yake aliyeolewa, akamnywesha uji na maji ya dafu mpaka homa ikamwachia. Alipopona alituambia, kwa mdomo wa simu, kwamba mmoja wetu lazima aende kwake akafundishwe kutengeneza wale wanyama. Bi Zuhura akasema magoti yake hayapandi ndege. Ndipo ikawa zamu yangu.

Asubuhi ya kuondoka nilipita karakana kumuaga. Akanipa leso iliyofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na bangili mbili nene za fedha, kila moja imevunjika.

"Za mama yangu," akasema. "Zimenishinda. Kuzivaa siwezi, zimekatika, na kuziyeyusha mkono haunipi. Mpelekee Marta. Mwambie atengeneze anachoona kinanifaa."

"Na utavaa?"

"Nikikipenda nitavaa. Mie nishawahi kukudanganya?"

Amewahi, mara nyingi, hasa kuhusu umri wake. Lakini safari hii alisema akinitazama usoni, nami nikaelewa nimebeba nini. Nikaitia ile leso kifuani, pale wanawake tunapoweka vya maana, nikaapa kimoyomoyo kwamba nitarudi na kitu kitakachokaa kwenye shingo ile.

Ubungo hadi uwanja wa ndege

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Kutoka Mikocheni hadi Ubungo tulikwenda mwendo wa kinyonga, na baada ya Ubungo hata kinyonga angetupita. Dereva wa teksi, jirani yangu wa Mwananyamala, alikuwa ametulia kama yuko sebuleni kwake.

"Sista tulia. Ndege haiondokagi bila mtu wake."

"Inaondokaga, braza. Tena inaondokaga na mizigo yake."

"Basi itakuwa haikuwa yako."

Hasira zikanipanda, nikacheka. Tulifika nikiwa nimeshasali rozari yote na kuanza upya.

Pale kwenye ukaguzi mashine ikalia. Nikavua mkanda, ikalia. Nikavua viatu, ikalia. Askari wa kike akanivuta pembeni. "Dada, niambie ukweli, umebeba nini?" Nikamtolea leso kutoka kifuani. Akazipima zile bangili kwenye kiganja, uso ukamlegea.

"Za bibi yako?"

"Za mama wa mama yangu wa kazini."

"Mbona ukoo mrefu! Haya zirudishe zilikotoka, na usimwonyeshe mtu."

Istanbul: maombi ya mama wa Lubumbashi

Istanbul tulikuta ukungu umefunika uwanja mzima, na ndege zimekaa kama kuku wanaoatamia. Tukaambiwa tusubiri. Chai yao inakuja kwenye glasi ndogo, unaimaliza kabla hujajua kama umeianza. Mikate yao ni mizuri ila migumu, na baridi ilikuwa inaniingia hadi kwenye meno. Nilikaa nimejikunja nikinung'unika peke yangu kwa Kiswahili, na mwanamke wa kiti cha jirani akageuka.

"Mama, uko natoka wapi?"

Jamani! Kiswahili! Kilikuwa kile cha Kongo, lakini nilijisikia kama mtu aliyekunjuliwa mkeka. Alikuwa mama wa makamo kutoka Lubumbashi, amevaa vitenge vitatu juu ya koti, anakwenda kumwona mjukuu wake wa kwanza. Akafungua mfuko akatoa samaki wa chumvi waliokaangwa. Bwana aliyekuwa mbele yetu alihama kiti. Sisi tukala.

Baadaye nikaona ananitazama kwa huruma. Kumbe kila baada ya muda nilikuwa nagusa kifua kuhakikisha leso ipo.

"Mama, roho iko nakuluma?" Alimaanisha moyo unaniuma.

Kabla sijamjibu mkono wake ulikuwa juu ya kichwa changu, anaukemea ugonjwa kwa sauti ya kusikika Lubumbashi. Watu wakageuka. Mlinzi akasogea, akaona ni maombi, akarudi alikotoka. Nikaitikia amina. Sikuwa na ugonjwa wa moyo, lakini maombi hayaozi, na kwa yaliyokuwa yananingoja mbele nadhani yalifika kwa wakati wake.

Barabara ya Cobán

Meksiko nilipita mbio, nikabadilisha ndege, nikashuka Guatemala. Kutoka mji mkuu unapanda basi kwenda Cobán, mji wa Marta, juu milimani. Njiani kipande cha mlima kilikuwa kimeshuka kulala barabarani kwa ajili ya mvua, na magari yote yakasimama. Nilitegemea watu wagombe, kama ambavyo sie tungegomba. Hakuna aliyegomba. Walitoa vyakula vyao wakala, wengine wakashuka kutazama matope, wakarudi na kusema bado.

Mwanamke niliyekaa naye alikuwa na kikapu mapajani. Akanipa kitu cha duara, unga wa mahindi umefunikwa juu ya maharage, cha moto, kimefungwa kwenye jani. Nikala nikacheka. Nimevuka dunia yote kuja kula ugali uliobadilishwa nguo! Akaniongeza kingine, akidhani kicheko ni njaa.

Hapo ndipo nikasikia harufu ya iliki. Nilidhani nimechanganyikiwa kwa kukosa usingizi. Nikachungulia dirishani: lori lililokuwa mbele yetu limejaa magunia, na harufu inatoka humo. Nikatoa simu nimuulize yule mama kwa tafsiri. Akasema ndiyo, ndilo zao lao, milima yote ile wanalima iliki. Nikamuuliza wanaitia kwenye nini, chai au maandazi? Akashangaa. Hawaitii popote. Wanavuna, wanakausha, inaondoka, Waarabu wanainunua. Nikamwambia kwetu bila iliki hakuna sherehe, na Bi Zuhura wangu hanywi kahawa isiyo nayo. Akacheka hadi kikapu kikatikisika, akawatangazia abiria wenzake, na basi zima likageuka kumtazama mtu anayekunywa iliki.

Cobán: nyumbani kwa Marta

Marta alikuwa ananingoja stendi kwenye mvua yao ile ndogo, isiyonyesha wala kukoma. Akanikumbatia kiunoni maana kichwa chake kinaishia begani kwangu, na jambo la kwanza kusema lilikuwa "Zuhura?" Nikamwonyesha dole gumba. Akashika kifua chake, akafumba macho. Nilijua hapo hapo kwamba si sisi tu tuliomkumbuka, na yeye hakutusahau.

Nyumbani akanipakulia mchuzi mwekundu wa bata mzinga, paja zima ndani ya bakuli. Mchuzi ule una pilipili inayokuja kwa siri. Mara macho yakaanza kunitoka machozi, pua ikafuata. Marta akadhani nimekumbuka kwetu. Akaja kunikumbatia, akanibembeleza kwa Kimaya, na ili kunifariji akaniongezea mchuzi.

Karakana yake ni chumba cha uani chenye dirisha kubwa. Bi Zuhura amenifundisha kazi ya nyundo na waya: unafua, unavuta, unasokota, unalehemu. Marta anachonga kwanza mnyama kwa nta, anamzika kwenye plasta, anachoma ile nta itoke, halafu anamimina fedha pale nta ilipokuwa. Chui wangu wa kwanza alitoka akiwa nguruwe. Marta alimtazama kwa muda mrefu, akamgeuza upande huu na ule, kisha akamweka dirishani na kumpiga picha. Anaye hadi leo, hataki kumuuza.

Kila mnyama alinieleza habari yake. Chui wao ndiye jua likishashuka chini ya ardhi, anatembea gizani hadi litoke tena. Kobe ndiye aliyebeba nchi mgongoni. Alipomtoa bundi nikarudisha kiti nyuma, nikamwambia kwetu bundi akilia juu ya bati watu wanaanza kuulizana nani anaumwa. Akaipiga meza kwa furaha. Kwao pia! Tulicheka hadi tukashikana mikono, wanawake wawili tulioogopeshwa na ndege mmoja.

Mimi nami nilimpikia chai ya maziwa na iliki, nikitumia iliki ya jirani yake anayeikausha mlangoni na hajawahi kuionja. Marta alikunywa kidogo, akasema inanukia kama duka la dawa. Siku ya tatu akaniomba nyingine.

Bangili nilimkabidhi siku ya kwanza, na maneno ya Bi Zuhura kama yalivyo. Alizishika kwa mikono miwili. Kisha akaniuliza siku ya kuzaliwa ya Zuhura. Nikamjibu mara moja, tarehe mosi mwezi wa saba, na mwaka wake, kama ilivyo kwenye kitambulisho, maana nimeshaijaza mara nyingi kwenye mambo ya karakana. Marta akatoa kalenda ya wazee wao, ambamo kila siku ina mnyama wake anayemlinda anayezaliwa siku hiyo. Akahesabu kwa vidole, akasimama ghafla, akatabasamu. Akakataa kuniambia.

Bangili moja akanipa mimi niifanye mkufu, kwa mkono, kwa njia ya Bi Zuhura. Ya pili akabaki nayo, na kila nikiingia anafunika kazi yake kwa kitambaa. Nilivuta waya ule kwa mapenzi yangu yote. Nilijiona kabisa nikimfunga Bi Zuhura shingoni, na mbele yake ananing'inia ndege, au kobe, au kipepeo.

Siku ya mwisho, baada ya chakula cha mchana, Marta akafunua kitambaa.

Alikuwa mbwa.

Mbwa wa fedha aliyelala, kichwa kimeinuka, masikio yamesimama, miguu ya mbele ameinyoosha. Kucha zinahesabika. Macho ni matundu mawili madogo kama ya sindano, na yanakutazama. Tangu nianze kazi hii sijaona kitu kilichotengenezwa vizuri kuliko kile, na nilitamani ardhi ipasuke.

Mnamjua Bi Zuhura wangu? Mbwa wa gereji akipita barazani kwetu, Bi Zuhura anamwaga ndoo ya maji na kusugua, halafu anasugua tena. Na hii ilikuwa fedha ya mama yake!

Hapo ndipo nilipozinduka kuhusu ile tarehe. Bi Zuhura hajui siku aliyozaliwa. Mama yake alimwambia alizaliwa kwenye masika, basi. Siku ya kuandikishwa, karani alimwandikia tarehe mosi mwezi wa saba kama alivyowaandikia wazee wengine wote waliopanga foleni siku hiyo. Sie tumezoea, tunaitaja bila kufikiri. Kwa hiyo hata mbwa mwenyewe hakuwa wa Bi Zuhura, alikuwa wa karani.

Nikafungua mdomo niseme. Marta akaniwahi, akaongea na simu muda mrefu, na simu ikanisomea kwa sauti yake ya bati. Alisema: nilipoona siku yake sikushangaa. Nililala katika nyumba yake sijui kama nitaiona tena nyumba yangu, na kila nilipofumbua macho yeye yupo, kanga begani, ananitazama. Kwetu mbwa ni mwenye haki. Mbwa haondoki. Tukifa, ni yeye anayetuvusha mto. Wazee walihesabu vizuri.

Akafuta macho kwa aproni. "Picha," akasema kwa Kiswahili, neno alilolipata kwetu. Akaonyesha shingo yake. Anataka picha ya Zuhura amemvaa.

Nikasema ndiyo. Mngesema nini nyie?

Meksiko: jina la mbwa

Najua mnavyocheka. Utani wenu ni ule ule, kwamba sisi Wahehe tunakula mbwa: Mhehe ukimtuma mbali arudi na nini kama si mbwa. Chekeni, mie mwenyewe nilishautania moyo wangu hivyo hivyo ili usipasuke.

Pale Meksiko, ofisa wa ukaguzi, dada mwenye kucha ndefu za zambarau, akafungua kile kiboksi. Nikajiandaa kueleza. Yeye akapiga ukelele wa furaha, akawaita wenzake wawili, foleni ikasimama. Akatoa simu akanionyesha mbwa wake wa kweli, amevalishwa sweta. Kisha akamgusa yule wa fedha, akauliza jina. Nikadhani anauliza la mwenyewe.

"Bi Zuhura," nikasema.

"Ah, Bisuhura!" Wakamkuna kichwani kwa kidole, mmoja baada ya mwingine. "Adios, Bisuhura!" Nilitembea hadi kwenye ndege nimefunika uso kwa mtandio.

Kutoka hapo hadi Dar sikulala. Mimi ni sonara, najua fedha inavyokwenda. Dakika chache za moto, mbwa anakuwa tonge, tonge linakuwa ua, na Bi Zuhura anavaa ua la mama yake. Marta ningemwambia nini? Ningemwambia amepotea? Mtu aliyeifanya kazi ile akiifunika kwa kitambaa kama mtoto? Na nikimpa Bi Zuhura kama alivyo, ataitazama fedha ya mama yake kwa jicho gani, na mimi aliyenikabidhi? Kila njia ilikuwa na rafiki wa kumpoteza. Chakula kililetwa, nikakirudisha, na mnajua mie chakula sikirudishi.

Mikocheni tena

Kesho yake baada ya kufika niliwahi karakana kabla Bi Zuhura hajaja. Nilikuwa nimeamua: ua. Nikamtoa mbwa kwenye mkufu, nikamweka juu ya tofali la kuyeyushia, nikawasha gesi. Nikausogeza mwali. Nikaona zile kucha. Nikaziona siku za Marta, mgongo umeinama dirishani na mvua inanyesha. Nikauzima moto. Nikauwasha tena, nikauzima tena, na hapo nikasikia komeo la geti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda, hawali huko?" Alikuwa amewahi kuja, na baadaye ndiyo nilijua kwamba alikuwa akiwahi kila siku tangu wiki ile ya kurudi kwangu ianze. "Hicho nini kwenye tofali?"

Nikasema yote bila kuvuta pumzi. Bangili, kalenda, tarehe ya karani, kitambaa, mto wanaouvuka wafu wao, picha, na moto niliokuwa nimeushika. Nilipomaliza nilikuwa nalia.

Bi Zuhura alivaa miwani. Akachukua koleo, akamwinua mbwa kwa koleo, si kwa mkono. Akampeleka kwenye mwanga, akamgeuza tumbo, akamgeuza mgongo.

"Mhehe wewe," akasema. "Nimekutuma mwisho wa dunia, umeniletea mbwa."

"Nisamehe mama."

"Nyamaza, nafanya kazi." Akamtazama tena. "Kucha hizi kachonga kwa nini?"

"Kwa sindano ya kushonea."

"Ana mkono huyo mtu. Ana mkono, wallahi." Akakaa. Koleo likashuka polepole mapajani. "Kalala hivi, miguu mbele... Yusta, wale vijana waliokimbilia pangoni na imani yao, wakalazwa miaka na miaka, mlangoni alikuwepo nani?"

Nikamwambia sijui.

"Hujui, nyie mna kwaya tu. Alikuwepo mbwa wao. Kanyoosha miguu yake kizingitini, vivyo hivi. Kila Ijumaa nakisoma kisa hiki katika Kurani tangu niko chuoni kwa mwalimu. Kila Ijumaa nawafikiria wale waliolala, na yule aliyekaa mlangoni nampita tu." Akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa chafu. "Usimyeyushe. Ila yule hakuingia ndani na watu wake, na huyu haingii. Atakaa mlangoni."

"Dar hii, mama? Wataondoka naye na msumari wake."

"Kati ya geti na mlango, mjinga wewe. Juu, kwenye fremu ya mlango." Kisha akanyoosha mkono. "Picha ya Marta umeshapiga?"

"Nipigeje? Si lazima, mama, nitamweleza..."

"Utamweleza nini? Mtu kauinamisha mgongo wake kwa ajili yangu, nimpelekee picha ya shingo tupu? Lete huo mkufu."

"Lakini mbwa..."

"Najisi ya mbwa ni mate, mwanangu. Huyu ana mate?"

Akamrudisha mwenyewe kwenye mkufu, safari hii kwa vidole. Nikamfunga nyuma ya shingo, kifungo kikanishinda mara mbili. Akaweka sawa kanga, akaketi wima, akaitazama simu kama anayetazama mtu. Nikapiga. Nikaituma pale pale, nisije nikaamka nimeota.

Bi Zuhura alikuwa amechukua kile kioo cha wateja. Huko nje jamaa wa mageti akaanza kuchomelea, mwanga ukawa unacheza ukutani.

"Mama alikuwa akikuna nazi," akasema, "bangili hizi zinalia. Ukiwa barazani unajua leo ni wali."

Alifungua kwa koleo kipete kilichomshika mbwa kwenye mkufu, akamtoa, akanikabidhi. "Nenda kampigilie. Na mnyooshe vizuri, asikae kama mlevi."

Nikatoka na nyundo. Nilimpigilia juu ya fremu, uso wake unatazama barabarani, nikarudi nyuma kidogo kuhakikisha amenyooka. Nilikaa pale nje muda, nikijisemea hata hili ni jingi, amekubali, amepiga picha, nisiwe na tamaa. Ndani nilitegemea kuukuta mkufu kwenye sinia pamoja na kazi nyingine.

Bi Zuhura alikuwa ameshainama mezani, anapiga msasa pete. Mkufu ulikuwa shingoni mwake, chini ya ukingo wa kanga.

"Unanitazama nini?" akasema bila kuinua macho. "Washa gesi, kuna bibi harusi anakuja asubuhi hii."

Nikawasha gesi, kisha nikageukia ukutani nilie kidogo kabla mteja hajafika.